Gari-nyumba, mbwa na baridi ya kaskazini: ukaguzi uanzie sakafuni

Usiku wa kwanza tulipolala kando ya barabara ya E45, kati ya Storuman na Sorsele kaskazini mwa Uswidi, kipimajoto kilichobandikwa juu ya meza kilisoma nyuzi 21. Nilikuwa nimevaa fulana tu. Kashata, mbwa wetu, alikuwa chini ya meza, amejikunja, pua kaifukia mkiani, anatetemeka. Nikadhani anaumwa. Mke wangu akachukua kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama, akakilaza sakafuni karibu na mlango. Kikashuka, kikashuka, kikatulia kwenye 6.

Tangu usiku ule nimeshika jambo moja: gari-nyumba wakati wa baridi lina hali mbili za hewa. Juu tunakaa sisi. Chini ni kwa mbwa, mabomba, tangi la maji na betri. Tulisafiri polepole, kilomita 30 au 40 kwa siku, siku nyingine tusisogee kabisa, kutoka Östersund hadi Jokkmokk. Karibu kila hitilafu iliyotupata njiani ilianzia huko chini, na mara nyingi Kashata aliijua kabla yetu. Nawaandikia ndugu zangu walioko Ulaya wanaofikiria kukodi gari la namna hii na kwenda kuona theluji na mbwa wao. Fuata dalili unayoiona, usianze kufungua skrubu.

Mbwa anatetemeka, wewe huhisi baridi

Usimpe dawa. Weka kwanza mkono sakafuni.

Hewa ya moto hupanda, na sakafu ya gari ina upepo wa baridi chini yake usiku kucha. Ufa mkubwa ni mlango wa kuingilia, halafu kabini ya dereva, yenye vioo vikubwa, milango ya chuma na matundu ya pedali. Tulitundika blanketi zito nyuma ya viti vya mbele, kutoka darini hadi chini kabisa, tukajaza ngazi ya mlango kwa mto wa zamani. Kitanda cha mbwa tukakipandisha juu ya kreti la plastiki, kiasi cha sentimita 15, tukatandika kadibodi na sufi. Kesho yake sakafu ilisoma 11, na Kashata akalala amejinyoosha. Mbwa akijikunja kama kitumbua, ana baridi. Akilala ubavu na miguu imetawanyika, joto linamtosha.

Angalia pia matundu ya hita. Sisi tulikuwa tumeegemeza gunia la chakula cha mbwa, kilo 12, juu ya tundu la karibu na mlango. Joto lote la upande ule lilikuwa linapasha moto biskuti za Kashata.

Onyo moja hapa. Ukitafuta upepo sakafuni utakuta matundu madogo yenye wavu karibu na jiko na ndani ya kabati la mitungi. Hayo usiyazibe hata mbwa akilalamika. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutokea nje.

Mama yangu aliponipigia simu kutoka Tanga nikamweleza habari ya kreti, akanyamaza kidogo.
“Mwanangu, mbwa mnalala naye ndani?”
“Mama, nje ni nyuzi 24 chini ya sifuri.”
“Haya. Lakini asipande kitandani.”
Sikumjibu.

Hita inazimika saa kumi alfajiri

Hii ndiyo hitilafu ya kuogopa, kwa sababu hutokea saa ile baridi imekaza na wewe umelala. Sababu ni chache, na jaribio la kwanza ni rahisi: washa jiko.

Jiko likiwaka kwa mwali wa bluu wenye nguvu, gesi ipo. Achana na mitungi, ruka hadi kwenye umeme na bomba la moshi. Mwali ukiwa mfupi na mnyonge, au usiwake kabisa, nenda kwenye kabati la mitungi uunyanyue mtungi. Ukiwa mwepesi, umekwisha. Ukiwa mzito na ukiutikisa unasikia kimiminika ndani, huenda gesi yako ni butani au mchanganyiko wenye butani nyingi. Butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia sifuri. Hubaki kimiminika imetulia kama maji kwenye mtungi. Propani huendelea kutoa mvuke hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Aliyejaza mtungi wake kusini mwa Ulaya wakati wa kiangazi akapanda nao kaskazini Januari huugundua ukweli huu gizani. Uswidi mitungi ya madukani huwa ya propani, lakini mtungi wa nchi nyingine kwa kawaida hawakubadilishii, na koki zao ni tofauti. Nunua au azima wa huko huko mapema. Kwetu sisi, mtungi wa kilo 11 ulikaa siku 3 au 4 kwenye baridi kali. Hesabu yako ianzie hapo, si kwenye hesabu ya likizo ya Julai.

Kuna siku mtungi ni wa propani, umejaa, na bado gesi haipiti. Hapo regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, imeganda kwa unyevu. Ifunge kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, subiri. Kiberiti kikae mbali.

Ikiwa jiko linawaka vizuri, tazama taa za ndani. Hita ya gesi ina feni inayotumia umeme wa volti 12. Betri ikilegea usiku, feni inapunguza mwendo, halafu hita inajizima yenyewe hata kama una mitungi miwili imejaa. Dalili yake ni taa kufifia na feni kukohoa kabla ya kunyamaza. Habari ya betri inakuja mbele.

La mwisho, vaa viatu utoke. Theluji ya usiku huziba bomba la moshi la hita, hasa likiwa juu ya paa, na hita nzuri inajifunga kwa usalama. Ipo pia theluji iliyosukumwa na trekta la kusafisha barabara ikafunika ubavu wa gari. Fagia paa kila jioni na kila asubuhi.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Hita kujizima ni usumbufu tu. Hatari ni pale moshi unaporudi ndani badala ya hita kujizima. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Gari lazima liwe na king'ora chake, kiwe na betri nzima, ukijaribu kwa kubonyeza kila wiki. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikaja, na mbwa kalegea au anatapika bila sababu, msikae kujadiliana: wote nje, mlango wazi, gesi ifungwe kwenye mtungi, kisha piga 112. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama limebaki majivu yenye joto. Hili nalisema kwa sababu sisi tuliolelewa na jiko la mkaa tunaliamini kupita kiasi.

Pampu inanguruma, maji hayatoki

Sikiliza pampu. Ikinguruma mfululizo bila kukata, ama tangi ni tupu, ama maji yanakwenda mahali pengine. Ikinguruma kidogo kisha ikakata, presha ipo lakini njia imeziba: bomba limeganda.

Kwa ile ya kwanza, chungulia chini ya gari. Ukikuta barafu mpya kama kisosi au sinia, valvu ya kinga ya baridi imefunguka. Magari mengi yana valvu ambayo joto la hapo ilipo likishuka hadi nyuzi 3 hivi, inafunguka yenyewe na kumwaga maji ya boila, chombo cha kupashia maji moto, ili boila isipasuke. Kwa hiyo hita ikizimika alfajiri, asubuhi unakosa na maji. Watu hulaani pampu bure. Pasha gari kwanza. Valvu za aina hii hazikubali kufungwa mpaka pale zilipo pafike nyuzi 7 hivi, na ukizilazimisha kwa kibanio cha nguo unaondoa kinga ambayo bei yake ni boila nzima.

Kama bomba limeganda, fungua kabati zote za chini na milango ya chini ya vitanda, ongeza joto, acha bomba la sinki likiwa wazi, subiri. Mashine ya kukaushia nywele inasaidia ukiwa na umeme wa kambini. Sisi tulisubiri saa 5, tukacheza karata. Kona inayoganda kwanza huwa ni ile bomba linapopita karibu na ukuta wa nje bila hewa ya moto. Kwenye gari letu ilikuwa nyuma ya kitanda cha mbwa. Kashata alikuwa amehama kona ile siku 2 kabla.

Maji machafu yaache yatoke: valvu ya tangi la chini wazi muda wote, ndoo chini yake. Usiku yanaganda ndani ya ndoo, asubuhi unaigeuza na kulichukua donge la barafu lenye mabaki ya wali hadi sehemu ya kumwagia taka. Ndoo iwe ya mpira laini. Ile ya plastiki ngumu ilipasuka siku ya tatu. Na maji ya kunywa, yetu na ya mbwa, yakae kwenye madumu ndani, juu ya usawa wa magoti.

Vioo vinatoka jasho, godoro lina unyevu

Hesabu anayepumua: watu wawili na mbwa anayehema, tena mbwa anayeingia na theluji tumboni mara nne kwa siku. Ongeza jiko: kila kilo ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Ya hita hutoka nje na moshi wake, lakini ya jiko inabaki humo humo, inatafuta pahala pa baridi ikatulie. Hapo ni kwenye vioo, kwenye skrubu za ukutani na chini ya godoro.

Kosa ni kufunga kila tundu ili joto lisipotee. Tuliyafunga yote, na baada ya siku 4 ukungu mweusi ukatokea chini ya godoro upande wa ukutani. Dawa ni kinyume na unavyohisi: acha dirisha la paa wazi kidole kimoja muda wote, na mara tatu kwa siku fungua mlango na dirisha la upande wa pili kwa dakika 5. Hewa ya nje, hata ikiwa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ni kavu. Ikiingia na kupata joto inakunywa unyevu. Godoro lisimame asubuhi. Mbwa akaushwe mlangoni, na taulo lake lianikwe bafuni chini ya dirisha lililo wazi, si juu ya kiti.

Mapazia ya kuzuia baridi ya vioo vya mbele ni bora yakafungwa kwa nje. Ya ndani yanazuia joto lisifike kwenye kioo, na asubuhi unakuta barafu nyuma ya pazia. Madirisha ya sehemu ya kuishi ni ya plastiki. Usiyakwangue barafu, utayachora milele.

Betri inakwisha japo mnaendesha kila siku

Hili ni tatizo la wanaokwenda polepole, wanaokimbia hawalijui. Injini ikizunguka dakika 40 inarudisha umeme kidogo kuliko uliotumika usiku mzima kwa feni, pampu na taa. Paneli za jua mwezi Januari huko juu ni mapambo: jua linachungulia upeo wa macho, linaaga, na paneli yenyewe ina theluji.

Betri za risasi hupoteza sehemu kubwa ya uwezo kwenye baridi kali. Za lithiamu zina shida yao: hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0, na kidhibiti chake kitakata chaji kimya kimya. Utaona injini inawaka, chaja imewaka, asilimia haipandi. Usinunue chaja mpya. Pima joto la betri. Kama imefungwa chini ya kiti kwenye sakafu baridi, fungua kifuniko hewa ya moto iingie.

Suluhisho letu lilikuwa kila usiku wa tatu kambini kwenye umeme. Hapo kuna mtego mwingine. Nguzo nyingi za umeme za kambini hutoa ampea 10, yaani wati 2,300. Hita ya umeme ya wati 2,000 pamoja na birika, na fyuzi imekata, tena pengine iko ndani ya sanduku lenye kufuli na mwenye kambi kalala. Chai kwanza, hita baadaye. Waya nao uutundike kwenye vijiti. Ukiulaza chini, utauchimbua barafuni kwa koleo siku ya kuondoka.

Gari limegoma kuondoka

Magurudumu hayazunguki: jana uliegesha likiwa limelowa ukavuta breki ya mkono, imegandia. Huku gari linaachwa kwenye gia na vizuizi chini ya magurudumu, breki ya mkono ikiwa chini. Magurudumu nayo yawekwe juu ya vipande vya mbao, maana joto la tairi huyeyusha theluji, halafu inaganda na kulishika.

Injini inageuka haiwaki, au inawaka na kuzima: dizeli ya kusini imetoa nta ikaziba chujio. Ukivuka kuelekea kaskazini, fika na tangi karibu tupu ujaze ya huko. AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli, huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, lakini tangi lake kwa kawaida lina kipasha joto. Ukishaendesha litayeyuka, ila dumu la akiba lisikae nje. Sheria ya Uswidi inataka matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara zikiwa na theluji au barafu, hilo mkodishaji alishughulikie na wewe ulihakiki.

Ukiona mifuko myeusi ya plastiki imefungwa kwenye vijiti vya kando ya barabara, usiidhanie takataka. Ni ishara kwamba reindia, wale kulungu wa kaskazini wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa huko, wako karibu, na punde utawakuta wamesimama katikati ya lami kwa sababu ndipo pasipo na theluji nyingi. Punguza mwendo, na ukisimama mbwa asitoke bila kamba.

Mbwa ana dalili ambazo si za gari

Anasimama ghafla, ananyanyua mguu mmoja, kisha mwingine. Mara tisa kati ya kumi kwa Kashata ni madonge ya theluji yaliyojisokota kwenye manyoya kati ya vidole, yamekuwa magumu kama karanga. Usiyavute. Yashike kiganjani yayeyuke, au chovya mguu kwenye maji ya vuguvugu. Punguza manyoya hayo kwa mkasi na upake vaselini kabla ya kutoka. Kama hakuna madonge, tafuta mkato: huko juu barabara humwagiwa kokoto kali zaidi kuliko chumvi. Kusini zaidi ni chumvi, inayochoma ngozi na ambayo ataila akijilamba, kwa hiyo miguu ioshwe kila mkirudi.

Anaharisha, hamu ya chakula ipo: amekula theluji mno. Ndani kwenye hita hewa ni kavu, ana kiu, na bakuli lake la sakafuni lina maji ya barafu. Mpe maji ya uvuguvugu yenye supu kidogo kabla ya kutoka.

Mkia umening'inia kama kamba, analia ukiugusa, baada ya siku ya kukimbia sana kwenye baridi: misuli ya mkia imechoka. Kwa kawaida hupona kwa siku chache za kupumzika. Usipopona, daktari.

Anatetemeka sana: mwingize ndani. Alikuwa anatetemeka, *ameacha* kutetemeka, na sasa anatembea kama amelala: hiyo ni mbaya zaidi kuliko mtetemo. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37 mfunge kwenye blanketi kavu, mwili wako ukiwa karibu naye, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa taulo, na pigia daktari wa wanyama. Usimweke mbele ya tundu la hita, ngozi itaungua bila yeye kuhisi.

Anayumba kama mlevi, anatapika, na mliegesha mahali penye magari mengi: fikiria kulanti, kimiminika cha kupozea injini. Ile yenye ethilini glaikoli ni tamu, mbwa huilamba, na kiasi kidogo tu huua figo. Baada ya saa kadhaa anaweza kuonekana kapata nafuu. Msidanganyike na nafuu hiyo. Hapa hakuna tiba ya nyumbani, hakuna maziwa, hakuna kusubiri asubuhi. Kinachookoa ni saa za mwanzo. Chukua picha ya dimbwi alilolamba na uende.

Mpakani mmerudishwa

Ukitaka kukatiza hadi Norwei, na toka Storuman au Arvidsjaur inavutia kweli, chipu ya utambulisho, pasipoti ya mbwa na chanjo ya kichaa cha mbwa havitoshi. Chanjo ya kwanza yenyewe inahitaji siku 21 kabla ya kuvuka. Juu yake Norwei inataka dawa ya minyoo ya tegu iliyotolewa na daktari wa wanyama si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia. Kwa anayekwenda polepole, saa 120 zinapita kirahisi: mnapewa dawa Jumatatu, theluji inawafungia siku 4, Jumapili mko forodhani na karatasi iliyokwisha muda. Sisi tulimtafuta daktari wa mji wa mwisho kabla ya mpaka, tukalala usiku mmoja tu. Kabla hujatoka kliniki fungua pasipoti uangalie kwamba ameandika na saa, si tarehe peke yake.